Waya wa Buluu Kwenye Pengo la Ua

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku njema. Ukungu ulilala juu ya chai mpaka jua lilipochoka kusubiri. Nimeingia chumba cha mitambo, nimekaa kwenye kile kiti kinachozunguka, nimekizungusha mara moja tu, kwa heshima. Bado ni kaimu. Mzee aliyekuwa msimamizi hapa kiwandani alistaafu, akarudi Chebunyo kufuga mbuzi, nami Benard Kipchirchir nikaambiwa nikishikilie kiti. Ijumaa wakaguzi wanakuja. Ukaguzi ukipita salama, meneja wetu, Bwana Mochama, ataliondoa hilo neno "kaimu". Ameniahidi kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa ameshiba.

Nakitaka hiki kiti. Wacha niseme ukweli, nakitaka sana. Nimeshakiota hata kanisani.

Nikishathibitishwa, mpango wangu mkubwa unaanza. Kompyuta ya chumba hiki ndiyo inayoendesha feni za vitanda vya kunyaushia majani mabichi ya chai. Mimi nimeivutia waya wa buluu kupitia darini mpaka kwenye mtandao wa ofisi, na sasa simu yangu inaona feni zote! Jana nilikiona kitanda cha nne kikipata upepo huku niko nyumbani Sigowet namkamua Chelel. Ng'ombe mwenyewe alishangaa. Ndoto yangu ni hii: nimelala kwenye nyasi za mteremko nyuma ya kiwanda, kofia usoni, simu kifuani, majani ya nchi nzima yananyauka taratibu kwa kidole gumba changu. Watu wapite barabarani wakiambiana kwa sauti ya chini kwamba yule aliyelala pale ndiye anaendesha kiwanda.

Jioni Bwana Mochama ametangaza kuwa kesho anakuja mtaalamu kutoka makao makuu, Madam Wacera, kukagua usalama wa kompyuta ya mitambo. Usalama! Mlango una kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Anakuja kukagua nini?

Chepngetich, mke wangu, ameshamwalika mama yake kutoka Sigor aje Jumapili kusherehekea cheo. Nimemwambia cheo bado. Amesema hata jogoo bado, lakini ameshafungwa mguu.

Jumanne, 4 Novemba

Wacera amefika. Kumbe ni msichana mdogo! Gambuti, koti la mvua, begi mgongoni. Nilimwandalia chai ya maziwa, akaomba ya rangi. Eti anataka kuonja majani yenyewe. Katika nchi ya ng'ombe! Nimeliweka moyoni.

Aliniuliza kompyuta hii ilitiwa viraka lini mara ya mwisho. Nilimjibu kuwa viraka ni vya suruali na kompyuta yangu haijachanika. Hakucheka. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwamba mfumo unaoiendesha hii kompyuta ni wa zamani, na waliouunda walishaacha kuutengenezea viraka vya kuziba mianya. Kwamba ndani yake mna milango isiyoonekana ya kuongea na kompyuta nyingine, na mlango mmoja, wa kugawana mafaili, komeo lake limekufa. Na kwamba kuna virusi vya mtandaoni ambavyo havingoji mtu abonyeze kitu. Vinatembea vyenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta vikisukuma milango, na penye komeo bovu vinaingia. Kompyuta ya ofisi ikiugua, barua zinachelewa. Hii ikiugua, feni zinasimama na majani yamelala pale pale yakipata joto.

Nikamuuliza kwa nini tusibadilishe huo mfumo tumalize maneno. Akasema programu ya feni haielewi mwingine, mpaka mitambo yenyewe ije ibadilishwe. Kwa hivyo dawa ni kufunga milango yote tusiyoitumia, na kuitenga kompyuta hii peke yake.

Hapo kwenye kutenga nilianza kusinzia. Si dharau, Mungu ananijua. Ni harufu ya majani yanayonyauka. Inapanda kutoka chini ikiwa tamu na ya uvuguvugu, feni zinavuma kwa sauti moja, na macho yanabaki wazi bila mwenyewe. Nilijiona niko juu ya kitanda cha nne, nimelala kwenye majani laini, upepo unapita chini ya mgongo wangu na kuniinua kidogo kidogo kuelekea darini. Nilipozinduka Wacera alikuwa ameshika kitu chekundu ukutani na ananiuliza kama nimeelewa. Niliitikia kwa kichwa. Alipotoka nililitundika koti langu hapo hapo. Ni mahali pazuri pa koti.

Halafu akarudi, akauona waya wa buluu. Macho ya huyu msichana! Nilimwambia aliuacha mzee wa Chebunyo. Mzee anisamehe, na mbuzi wake. Wacera aliuchomoa, akaukunja vizuri, akautupa kwenye pipa la taka. Mahali pake ameweka kisanduku kidogo kinachowaka taa. Vipimo vya feni vinatoka kwenda ofisini. Hakuna kinachoruhusiwa kuingia.

Simu yangu haioni kitu. Nimekamua Chelel kama mtu wa kawaida.

Jumatano, 5 Novemba

Kile kisanduku kimeniudhi usingizini. Nyumba gani hii, inayotuma salamu kwa watu wote na haimfungulii mgeni hata mmoja?

Kwetu hakuna mtu anayeziba ua wake wote. Hata awe mchoyo namna gani, anaacha pengo la jirani. Ndimo watu hupita kuomba moto asubuhi, ndimo chumvi huingilia, ndimo watoto hukatiza wakienda shule. Ukiliziba, wazee wanafika na fimbo zao kuuliza nani amegombana na nani. Hata kiwanda kina pengo lake. Liko nyuma ya dirisha langu, kwenye ua wa miti ya miiba ya kayaba, na tunalipitia kwenda kwa Jerusa kunywa chai. Bwana Mochama naye hulipitia, kwa ubavu, sababu ya tumbo.

Jerusa ana hoteli yake ya mabati hatua chache kutoka hapo. Ana mandazi, ana mtandao wake mwenyewe, ana pia kompyuta kuukuu ya mitumba ya kuwaonyesha wateja video za kwaya. Nilikuwa nimekaa kwake asubuhi, ukungu umeziba kila kitu, kwaya inaimba polepole, chai inanipasha vidole. Mara wazo likashuka. Lo! Nilisimama na kikombe mkononi.

Wacera amekataza mtandao wa ofisi. Jerusa si ofisi. Jerusa ni jirani! Najua Wacera alitaja na mitandao mingine, lakini hiyo sikuisikia vizuri sababu ya feni.

Nikauokoa waya wa buluu kutoka kwenye pipa. Nikauchomeka nyuma ya kompyuta, nikautoa dirishani, nikaufunika kwa matawi ya chai yaliyopogolewa, nikaupenyeza kwenye pengo mpaka nyuma ya kabati la mandazi. Jerusa alifurahi sana. Alisema yeye jirani hamnyimi kitu, na akaniita injinia mbele ya wateja. Kompyuta ya mitambo ilianza kuniuliza maswali, mlango huu uruhusiwe, ule uruhusiwe. Ni ile milango aliyoifunga Wacera. Niliiruhusu yote. Mgeni akishafika huwezi kumfungulia nusu mlango.

Mchana niliitimiza ndoto. Niliitimiza! Mteremkoni, nyasi, kofia usoni, simu kifuani. Nikaongeza upepo kitanda cha nne, nikapunguza, nikaongeza tena bila sababu. Chai ilishuka bondeni kijani juu ya kijani mpaka ikawa samawati, na mawingu yalikuwa yanatembea kwa mwendo wangu. Wanawake walipita barabarani na vikapu. Mmoja aliuliza kama yule mtu ni mgonjwa. Sikujibu. Mvua ya mawe ndiyo iliyoniinua na kunikimbiza, nimevimba kisogoni, lakini siku yangu haikuharibika.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Kwa sababu ya mawe ya jana watu waliamka kuchuma mapema waokoe kilichobaki. Malori yalifika yamejaa. Lori la Sigowet lilimwaga kwenye kitanda cha nne. Majani ya kituo chetu cha kukusanyia chai, ya Chepngetich na ya majirani zetu wote. Nilimtumia Chepngetich ujumbe kwamba nitayalaza mwenyewe kama mtoto.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa kwenye kiti, nimeegemea, naota kwamba wakaguzi wamekuja wakiwa wamevaa majani kichwani na wananiimbia. Wimbo ukakatika. Nilifikiri ni ndoto imeisha. Kumbe ni feni zimesimama! Zote! Kimya kile, jamani. Sijawahi kusikia kimya kikubwa hivyo ndani ya kiwanda.

Kompyuta ilikuwa inajizima na kujiwasha, inajizima na kujiwasha. Niliipiga kofi. Niliibembeleza. Niliizungusha upande, nikaomba kwa Kipsigis, nikaomba kwa Kiswahili. Kule chini watu wanapiga kelele kwamba majani yanapata moto. Nilichukua simu niziwashe feni kwa kidole gumba. Simu ikaniambia imekosa mtandao.

Wacera aliingia mbio, gambuti zikipiga sakafu. Hakugusa kompyuta. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akalitupa koti langu chini, akavuta kile kitu chekundu. Kumbe ni swichi ya kuendesha feni kwa mkono, bila kompyuta! Feni zikaanza kuvuma, moja baada ya nyingine. Akaniuliza kwa nini sikuivuta, na alinionyesha Jumanne. Nikamwambia nilidhani ni ya koti.

Lakini kitanda cha nne kilikuwa kimerundikwa kuliko vingine vyote, na kilikuwa kimechelewa. Tulishuka sote kugeuza majani kwa mikono. Nilizamisha mikono mpaka kwenye viwiko, na ndani kulikuwa na joto la homa. Chini yalikuwa mekundu tayari. Yalitolewa nje, yakamwagwa nyuma ya boila. Nilitambua majani ya shamba letu, au nilidhani nimeyatambua. Roho iliniuma vibaya.

Halafu Wacera akauona waya. Aliushika akaufuata, akatoka nje, akazunguka mpaka chini ya dirisha, akayaondoa matawi, akaenda nao kiganjani kama mtu anayefuata kamba ya ndama aliyepotea. Sisi nyuma yake. Bwana Mochama naye, akapita pengo kwa ubavu. Waya ukaingia hotelini, nyuma ya kabati la mandazi. Na kwenye kompyuta ya Jerusa, watu wa kwaya wamekwama wamefungua midomo. Jerusa alisema imekuwa ikijizima na kujiwasha tangu wiki jana, alifikiri ni umeme.

Virusi vilikuwa vimekaa hapo, vinasukuma milango. Nami nilivifungulia njia, nikavifunika na matawi visinyeshewe.

Jerusa hakuelewa ugomvi. Alimwambia Wacera kwamba mgeni akifika hukaa, akamwekea chai ya maziwa. Na Wacera akakaa! Akainywa yote! Kisha akaisafisha kompyuta ya Jerusa bila kuombwa. Hiyo chai yangu ya Jumanne ilikuwa na kosa gani?

Ijumaa, 7 Novemba

Wakaguzi walikuja. Hawakuvaa majani.

Wacera alifanya kazi tangu jana. Aliifuta kompyuta ya mitambo, akairudisha kwa nakala safi aliyokuwa ameitoa Jumanne nilipokuwa juu ya kitanda cha nne. Milango imefungwa, waya umetolewa, kisanduku kinawaka taa. Aliwaeleza wakaguzi kila kitu bila kuficha, na wao walimsifu. Aliposimulia habari ya waya alisema "mfanyakazi mmoja". Mfanyakazi mmoja alikuwa amesimama pembeni anasoma kibao cha kizima moto.

Bwana Mochama aliniita ofisini. Nilijiandaa kwa maneno makali, lakini aliongea polepole na hiyo ilinitisha zaidi. Kwamba watu waliyachuma yale majani kwenye baridi, mawe yakiwa bado yanayeyuka chini ya miti. Kwamba ilikuwa anifukuze kabisa, ila Madam Wacera amemwomba asinifukuze, anihamishe tu mahali pasipo na kompyuta. Kwa hivyo kiti nakiacha. Kitakaa wazi mpaka apatikane mtu. Mimi nimepelekwa kutunza ua wa kiwanda na kusaidia kwenye mizani ya kupokea majani. Kazi ya kwanza, kuziba lile pengo.

Niliuliza kama naweza kukizungusha kiti mara moja ya mwisho. Alikataa.

Nyumbani Chepngetich alikuwa ameshasikia. Alikuwa anaosha kikapu chake cha kuchumia. Hakunigombeza. Aliosha, akakigeuza, akaosha tena upande ambao alikuwa ameshauosha. Ningefurahi angenitupia kitu. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaangalia ua wetu. Kila jioni mtu hupita kwenye pengo letu, kuazima sufuria au kutupa habari tu. Leo hakupita mtu. Ukungu ndio uliopita, ukaingia mpaka kwa Chelel. Nililia kidogo. Nikisomwa na mtu, ilikuwa moshi.

Jumapili, 9 Novemba

Mama mkwe amefika kutoka Sigor, na kitambaa kipya kichwani na sotet mkononi, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Hakuna aliyempigia kumwambia asije. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amepiga.

Aliuliza cheo chenyewe ni kipi. Chepngetich aliniangalia. Jogoo aliniangalia. Nikasema nimepewa mipaka yote ya kiwanda. Kwamba hakuna kiingiacho wala kitokacho bila mimi. Mama mkwe alisema kazi ya mpakani ni kazi nzito na akaniombea kwa muda mrefu sana, kwa sauti. Chepngetich alificha uso kwenye leso. Nilifikiri analia, kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimesamehewa, au karibu nisamehewe.

Halafu majirani wakaja. Kupitia pengoni, mmoja mmoja, bila kusema habari ya majani. Harufu ya jogoo ndiyo iliyowaleta, lakini walikuja. Mmoja aliniambia nisirudie. Nikamwambia nimekoma kabisa, na nilimaanisha.

Jioni mvua ilikuwa nyembamba, huioni mpaka ikushike kope. Mursik, moto, watu wanaongea polepole. Mipaka yote ya kiwanda. Ukiisema kwa sauti nzuri, si mbaya.

Jumanne, 11 Novemba

Wacera alirudi makao makuu jana. Kabla ya kuondoka alinipa mkono akasema waya wowote nikiuona nje ya mahali pake, nimpigie simu kwanza. Nimeahidi. Yule msichana ana roho nzuri, tatizo ni ile chai ya rangi.

Leo nimepanda miche ya kayaba nyuma ya chumba cha mitambo. Nilihitaji kamba ndefu ya kunyooshea mstari, na kamba za stoo zimeoza. Waya wa buluu ulikuwa kwenye pipa lile lile. Unanyoosha vizuri ajabu! Mstari wangu ni wa kupigiwa picha. Bwana Mochama alipita akasema kweli kazi hii ndiyo yangu. Nilijisikia mwepesi.

Pengo nimeliziba. Lote. Isipokuwa mahali padogo, pa mtu kupita kwa ubavu. Jerusa angejisikiaje? Tena nilimfikiria Bwana Mochama, nikapanua kidogo.

Mchana malori hayakuwa yamefika. Nilikaa kibandani kwa mizani. Jua limetulia, nyuki wachache, harufu tamu inashuka kutoka kwenye vitanda, feni zinavuma mbali kama zinaimbia mtu mwingine. Mizani ni mpya, ina kioo kidogo chenye tarakimu nyekundu. Niliitazama nikiwa nusu usingizini. Nikawaza: hiki kiti changu cha mbao hakizunguki, lakini kama ningekuwa kule mteremkoni, kwenye nyasi, simu kifuani, nikiona kila kikapu cha Sigowet kinavyopimwa, Bwana Mochama angesema nini? Angesema, huyo mwite arudi juu. Kiti bado kiko wazi.

Nikaizunguka mizani niipanguse vumbi. Kwa nyuma ina tundu dogo la mraba. Waya wa buluu ulikuwa begani mwangu bado. Nilitaka kujua tu kama vinalingana.

Umeingia tak! Na upande wake wa pili, nimepima kwa hatua, unafika hotelini na kubaki kidogo. Nimeupitisha pengoni, nimeuchomeka kwa Jerusa, naye alishaweka chai.

Taa ya kijani imewaka. Taa nzuri sana. Wacera alisema niwekwe pasipo na kompyuta, na hii ni mizani.